Mkono wa kushoto unawaka moto kabla ya kufika mbali

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 17, nasoma kidato cha tano hapa Tanga. Nilianzia kwaya nikajua solfa, halafu mwalimu wetu akanifundisha kinanda, na huu ni mwaka wa tano. Tangu Julai nafanyia kazi Sonata namba 8 ya Beethoven, ile inayoitwa Pathétique, sehemu ya kwanza. Natakiwa niipige kwenye tamasha la wanafunzi wake mwezi Desemba. Zimebaki wiki 11.

Utangulizi wa polepole nauweza. Shida inaanza mwendo unapobadilika kuwa wa haraka, pale mkono wa kushoto unapopokezanisha C mbili za besi bila kupumzika. Vipimo vinne vya kwanza (vile vyumba vya noti kati ya mistari ya wima) viko sawa. Nikifika cha kumi hivi, kigasha kinakuwa kigumu kama gogo, kinawaka, na kidole kidogo hakinisikii tena. Nikilazimisha, usiku mkono unauma hata kuandika notsi inakuwa kazi. Mwalimu anasema nirudie mara hamsini kila siku, misuli itazoea. Wiki ya tatu sasa, naona hali inazidi.

Halafu kuna ukurasa ambao mkono wa kulia unaruka juu ya wa kushoto kwenda besi na kurudi. Hapo nakosa kila siku. Nikikosa naanza upya, kwa hiyo mwanzo naujua hata usingizini lakini kurasa za mwisho zinanitoka.

Nyumbani nina kinanda cha umeme cha vibonyezo 61. Nakiweka juu ya meza ya chakula, nakaa kiti cha plastiki, navaa hedifoni kwa sababu bibi analala mapema. Piano ya kweli iko kanisani, napewa Jumanne na Alhamisi, saa moja moja. Baadhi ya vibonyezo vyake vya besi vinachelewa kurudi juu, na mlinzi kashauri tuvitilie mafuta ya cherehani. Baba anasema niachane na huu wimbo, nitafute mwepesi. Niache?

Mpiga kinanda wa Chumbageni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wimbo usiuache bado. Ila ile tremolo ya besi, yaani zile C mbili zinazopokezana haraka, iache kabisa kwa siku tano kuanzia leo, na kazi ya mara hamsini iishe hapo. Misuli iliyochoka hupoa baada ya kupumzika dakika chache. Maumivu yanayokufuata hadi kwenye daftari usiku ni jambo jingine, hayaondoki kwa kuzoea. Na kama katika siku hizo tano unasikia ganzi, vidole vinachomachoma, au maumivu makali ya mahali pamoja karibu na kiwiko au kifundo cha mkono, nenda hospitali ya Bombo ukaonwe na daktari kabla hujagusa kinanda tena.

Mwalimu wako mweleze hivi hivi ulivyotueleza sisi, hasa habari ya usiku, maana huenda hajui. Kurudia si kosa. Kosa ni kurudia mkono ukiwa tayari umekaza, kwa sababu mkono haujui kwamba unafanya vibaya. Unajifunza kukaza, na baada ya wiki tatu umejifunza vizuri.

Kabla ya mbinu yoyote, azima futi ya fundi cherehani. Juu ya vibonyezo vya piano ni kama sentimita 73 kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake huwa na kama 75, na ukiweka kinanda juu yake unafika 83 au zaidi. Hapo kiwiko kinaning'inia chini ya vibonyezo, bega linapanda, kifundo kinakunjika, na mkono unafanya kazi ya kujibeba kabla haujapiga noti hata moja. Tunashuku nusu ya maumivu yako yanatoka mezani.

Ukae hivi: mikono ya juu ining'inie tu ubavuni, kunja kiwiko, na upande wa chini wa kigasha uwe sawa na uso wa vibonyezo au juu yake kidogo, upana wa kidole kimoja. Kama kuna meza fupi nyumbani, hamishia kinanda huko. Kama hakuna, inua kiti kwa mablanketi yaliyokunjwa mpaka ufike, kisha weka matofali au kipande cha mbao chini ya miguu ili isining'inie. Andika kipimo ulichopata, na kanisani benchi likiwa fupi beba khanga mbili za kukunja. Pima pia vibonyezo saba vyeupe vilivyopangana: viwe kama sentimita 16.5. Vikipungua sana, hicho kinanda kimetengenezwa kwa mikono ya watoto, na oktava utakayoizoea hapo si oktava ya kanisani.

Sasa tremolo yenyewe. Inaanzia kipimo cha 11, baada ya vipimo 10 vya Grave, ule utangulizi wa polepole. Kila kipimo kina thumni nane (noti za moja ya nane), na mapigo ni mawili kwa kipimo, yaani noti nusu mbili. Metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo kwa dakika, ikiwa 60 kwa noti nusu, unapiga thumni 4 kwa sekunde. Ikiwa 120, ni 8 kwa sekunde, na wapigaji wengi wa jukwaani wanapita hapo. Hakuna kidole kinachoweza kunyanyuka na kushuka kivyake kwa kasi hiyo, ukurasa baada ya ukurasa. Ukijaribu, misuli ya kunyanyua na ya kushusha inafanya kazi kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta wake, na huo ndio ugumu wa gogo unaousikia.

Kazi inafanywa na kigasha kujigeuza. Shika kitasa cha mlango, kigeuze kushoto na kulia bila kukibana: mwendo ndio huo. Au fikiria mtu anayecheza kayamba, jinsi chombo kinavyolala upande huu na upande ule bila yeye kunyanyua kidole. Kidole kidogo na gumba vinakuwa kama ncha mbili za ubao wa pembea. Upande mmoja ukishuka, wa pili umeshapanda wenyewe, huna haja ya kuunyanyua.

Anza nje ya kinanda. Laza kigasha juu ya paja, geuza kiganja nusu juu, nusu chini, haraka lakini kidogo, kwa sekunde kumi. Kiwiko kisicheze. Kisha njoo kwenye vibonyezo, lakini usianze na oktava. Anza na C na G, kidole cha 5 (kidogo) na cha 1 (gumba), kwa sababu hapo kiganja hakijatanuka na utausikia mzunguko ukiwa huru. Siku mbili baadaye C na A. Kisha ndiyo C na C. Ukifika oktava ukasikia ugumu umerudi, ujue kinachokuumiza ni kutanua mkono na kuushikilia umetanuka. Dawa yake ni kuacha kiganja kilegee kidogo kila gumba linapolia, maana kidole kidogo wakati huo hakina kazi.

Piga kwa mafungu. Thumni nne, halafu noti ya tano ndefu, ukae juu yake mpaka usikie bega limeshuka. Fanya hivyo mara sita tu. Kisha thumni nane na noti ndefu. Kisha kipimo kimoja piga, kimoja nyamaza. Kisha viwili kwa kimoja. Metronomu ianzie 60 na ipande kwa 4, lakini kila ukipanda mara mbili shuka mara moja, ili mkono usijue mwisho wa ngazi uko wapi. Muda wote wa tremolo kwa siku usizidi dakika nne, zikiwa zimegawanywa mara mbili. Ukisikia joto kwenye kigasha, simama hapo hapo, hata kama ni fungu la pili. Dakika nyingine za siku ni za kurasa nyingine, na huko tunajua una deni.

Mambo manne huharibu hatua hii, na yote yanaonekana ukijirekodi kwa simu kutokea upande. La kwanza, kiwiko kimebana ubavuni: C za besi ziko mbali kushoto, kwa hiyo egemeza kiwiliwili kidogo upande huo na kiwiko kikae mbali na mbavu. La pili, vidole vinapaa. Viache vikigusa vibonyezo muda wote. La tatu, kifundo kimekaa kimo kile kile kipimo baada ya kipimo. Kila vipimo viwili kiache kishuke taratibu kisha kipande taratibu, ili mzigo uhame kutoka msuli mmoja kwenda mwingine. La nne ni taya. Ndiyo, taya. Ukiuma meno, mkono nao unauma vibonyezo.

Tena soma alama: kipimo cha 11 kimeandikwa p, maana yake kwa sauti ndogo. Wanafunzi wengi wanasikia hasira ya wimbo huu wakadhani besi ndiyo inayopiga kelele. Besi ni ngurumo ya mbali, hasira iko mkono wa kulia unaopanda. Egemea C ya chini mara moja tu mwanzoni mwa kila kipimo, noti saba nyingine ziwe nyepesi kiasi cha kukaribia kutosikika. Beethoven alichapisha sonata hii mwaka 1799, akiwa hajatimiza miaka 30, na piano za Vienna za wakati ule zilikuwa na vibonyezo vyepesi na vya kina kifupi kuliko vya leo. Alichoandika kilikuwa kazi rahisi zaidi kwa mkono wake kuliko kilivyo kwa mkono wako kwenye piano nzito ya kanisani. Usitafute sauti kubwa pale ambapo hata yeye hakuiomba. Na pedali usiikanyage kwenye tremolo kwa sasa.

Kinanda chako cha umeme kina ajabu moja inayofaa uijue. Piano ambazo Beethoven alikuwa akiziandikia miaka hiyo zilikuwa na oktava tano, kama chako, ila zilianzia F na kuishia F. Cha kwako kinaanzia C na kuishia C. Kwa hiyo noti za besi zilizo chini ya C yako ya mwisho huna, na kitufe cha kushusha oktava kitakunyang'anya za juu. Usihangaike nacho. Kitumie kwa kuhifadhi noti kichwani, kwa mkono mmoja mmoja, kwa mafungu mepesi ya tremolo, na kwa miruko iliyo ndani ya vibonyezo ulivyonavyo. Uzito wa sauti na miruko mirefu fanyia kanisani.

Na kanisani, Jumanne ijayo, kabla ya kupiga chochote, jaribu zile C mbili. Bonyeza kila moja haraka kwa kidole kimoja, mara nne kwa sekunde. Ikiwa haiwahi kurudi juu, basi hata mkono wenye afya ungechoka, kwa sababu unabonyeza kitu ambacho bado kiko chini. Fanyia mazoezi D na D, au C za oktava ya juu yake, mpaka itengenezwe. Mafuta ya cherehani hapana, na mafuta ya taa hapana. Vibonyezo vinakwama kwa sababu mbao na vitambaa vidogo vya sufu vinavyozunguka pini zake vimenyonya unyevu wa pwani vikavimba. Mafuta yanaingia kwenye sufu, yanashika vumbi, na baada ya miezi michache kibonyezo kilichochelewa kinakuwa kibonyezo kilichokwama. Kazi hiyo ni ya fundi wa piano, ambaye huibana sufu kidogo kwa koleo maalumu. Ninyi mnachoweza ni kusogeza piano mbali na dirisha linaloelekea baharini na mbali na ukuta wa nje, kufunika vibonyezo kila mkimaliza, na kuondoa chombo cha maua juu yake. Hewa ya chumvi inakula nyuzi, na nyuzi za piano zote kwa pamoja zimevutwa kwa nguvu ya tani nyingi, kwa hiyo mtu yeyote asijaribu kuzikaza kwa spana.

Mruko unaokusumbua uko kuanzia kipimo cha 51, kwenye ufunguo wa E-flati maina. Mkono wa kushoto umekaa katikati na akodi zake, wa kulia ndio msafiri. Tatizo ni macho. Unautazama mkono unaoondoka, wakati unatakiwa kutazama unakokwenda. Piga noti ya mwisho ya besi, peleka macho juu, halafu mkono ufuate. Zoezi lake ni hili: ruka, gusa kibonyezo bila kukibonyeza, simama, angalia kama ndicho, ndipo ubonyeze. Mara nane kwenda, mara nane kurudi, bila metronomu. Baadaye fanya mkono wa kulia peke yake huku wa kushoto umelala pajani, na mwisho ndipo uunganishe. Mkono upite chini, karibu kugusa mgongo wa ule mwingine. Ukipaa juu kama mpira wa kona unachelewa na unatua popote. Zile alama ndogo za mapambo huko juu ni noti tatu za haraka: yenyewe, ya juu yake, yenyewe. Jaribu vidole 1, 3, 2. Mpaka mruko utulie, ziache kabisa, piga noti tupu.

Neno kuhusu solfa, kwa kuwa umelelewa nayo. Iimbe mada ukitembea, itakusaidia sana kusikia. Lakini usiiandike chini ya noti. La ya C maina si La ya E-flati maina, na ukifika kipimo cha 51 kila jina limehama, vidole vitapotea.

Habari ya kuanza upya kila ukikosa. Daladala ikiharibika Chumbageni, dereva hairudishi stendi ili aanze safari upya. Ugawe wimbo vituo 12, kila kimoja kianzie mahali ambapo muziki wenyewe unavuta pumzi: kipimo cha 1, cha 11, cha 51, cha 89, cha 133 ambapo Grave inarudi, cha 295 inaporudi tena, na vingine utavichagua na mwalimu. Andika namba kwenye vikaratasi, tia kikombeni, kila siku chomoa vinne uanze hapo bila kuangalia ukurasa. Ukikosa katikati, ruka kwenda kituo kinachofuata. Kurudi nyuma ni marufuku. Kituo cha 12 kipige kila siku bila kuchomoa, halafu kituo cha 11, kwa wiki tatu za kwanza. Mwanzo ulivyo sasa usiuguse zaidi ya mara moja kwa wiki. Utakerwa, tunajua.

Utangulizi huo unaouweza, uhakiki kitu kimoja tu: hesabu thumni nane kwa kipimo, si robo nne. Kwa mwendo ule wa kobe, wengi huchoka kusubiri wakafupisha noti yenye nukta, na msikilizaji akasikia haraka mahali palipotakiwa kuwa na uzito.

Siku ya tamasha usirudie fungu la kwanza, hata kama alama ya kurudia ipo. Wapigaji wakubwa wenyewe hawajakubaliana kama kurudi kuwe kwenye Grave au kwenye kipimo cha 11. Wewe usiingie kwenye ugomvi huo na mkono unaopona.

Kuhusu baba, mpe tarehe badala ya ubishi. Mwisho wa wiki ya sita, piga kuanzia kipimo cha 11 hadi cha 50, noti nusu kwa 100, asubuhi moja bila kupasha moto kwa muda mrefu. Ukimaliza na kigasha kikiwa laini na usiku ukalala vizuri, endelea. 100 inatosha kabisa kwa Desemba ikiwa noti zinasikika. Ukishindwa, badilisha siku hiyo hiyo, usisubiri wiki ya tisa. Badilisha kwa sehemu ya pili ya sonata hii hii, Adagio cantabile: vipimo 73, A-flati meja, hakuna tremolo hata moja. Wasikilizaji wengi wataitambua kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Huko ugumu unahamia mkono wa kulia, ambao vidole vyake vya nje vinaimba mada huku gumba na cha pili vikijaza noti za katikati, nusu ya sauti ya mada au pungufu. Wiki tano zinatosha, kwa kuwa unaanza nayo mkono ukiwa mzima.